Mkataba wa miezi 6 kupitia kampuni mwavuli hapa Uingereza: nihame au nibaki nilipo?

mkazi_wa_leeds

Habari zenu ndugu. Naamini humu wamo waliokwisha kufanya kazi za mkataba hapa Uingereza, kwa sababu jambo ninalouliza nimelitafuta kwa Kiswahili sijalipata, na maelezo mengi ya Kiingereza niliyoyasoma yameandikwa na kampuni zilezile zinazotafuta wateja.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu, ninaishi Leeds na familia, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo suala la viza halinihusu. Nimeajiriwa kwa masharti ya kudumu kwa mshahara wa pauni 46,000 kwa mwaka. Hivi karibuni wakala wa ajira alinipigia simu akanieleza kwamba halmashauri moja ya jirani inahitaji mtu wa kusimamia uhamishaji wa kumbukumbu zake kwenda kwenye mfumo mpya, kazi ya miezi 6 ambayo huenda ikaongezwa, kwa pauni 350 kwa siku. Nilipopiga hesabu ya haraka ya siku 5 kwa wiki nilipata pauni 1,750, yaani pauni 91,000 kwa mwaka, na usiku huo usingizi uliniruka.

Baada ya usaili wakala alinitumia barua pepe yenye masharti mawili. Kwanza, halmashauri imeamua kwamba kazi hii iko ndani ya IR35, yaani sheria ya kodi inayomhesabu mtu wa mkataba kama mwajiriwa, kwa hiyo hakuna faida ya kuifanya kupitia kampuni yangu binafsi. Pili, nijiandikishe na kampuni mwavuli, yaani kampuni ya kati inayopokea malipo ya kazi kutoka kwa wakala na kunilipa mimi mshahara, nami nichague moja kati ya nne zilizomo kwenye orodha yake. Nimeipigia simu mojawapo, ikanipa makadirio ya takriban pauni 1,030 kwa wiki baada ya makato yote. Siku hiyohiyo mtu katika kundi letu la WhatsApp akanielekeza kwenye kampuni nyingine, isiyomo kwenye orodha ya wakala, inayosema kwamba nitabaki na asilimia 83 ya zile pauni 1,750, na kwamba utaratibu wake umeidhinishwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya huku.

Naomba kueleweshwa mambo haya. Pauni 1,750 inawezaje kugeuka kuwa 1,030 bila mtu kuniibia? Kwa nini kampuni mbili zinazofanya kazi moja zitofautiane kwa zaidi ya pauni 400 kwa wiki? Na la msingi kuliko yote, je, mtu mwenye watoto wawili na ajira ya kudumu ana sababu ya kutosha ya kuiacha kwa ajili ya mpango kama huu? Mke wangu anasema nibaki nilipo, lakini yeye mwenyewe amekubali kwamba anasema hivyo kwa hofu, si kwa hesabu.

zuhura_reading

Ndugu yangu wa Leeds, kazi za mkataba nilizianza kabla ya mabadiliko ya Aprili 2017, yaliyozipa taasisi za umma jukumu la kuamua ni nani yuko ndani ya IR35. Aprili 2021 jukumu hilo likafika pia kwa kampuni binafsi kubwa na za kati. Zamani mwenye kampuni yake ndogo alijiamulia mwenyewe. Siku hizi anayeamua ni mteja, na kwa kuwa mteja asipokuwa mwangalifu deni la kodi linaweza kumrudia, wengi huona usalama wao ni kumweka kila mtu ndani. Una haki ya kupewa uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake, na ukiupinga mteja anatakiwa kukujibu ndani ya siku 45. Kwa kazi ya kukaa kwenye mfumo wa halmashauri, saa za halmashauri, chini ya meneja wa halmashauri, nisingepoteza muda kuupinga.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana humo ndimo jibu lako lilimo. Pauni 350 si mshahara wako. Ni bei ambayo wakala anailipa kampuni mwavuli kwa ajili ya kazi yako. Kampuni mwavuli ndiyo inayokuwa mwajiri wako kisheria, na gharama ambazo mwajiri yeyote huzilipa juu ya mshahara wa mfanyakazi hutolewa ndani ya bei hiyo kabla mshahara wenyewe haujapatikana. Mwajiri wako wa sasa naye anazilipa kila mwezi, ila wewe huzioni, kwa sababu zile pauni 46,000 ni kinachobaki baada ya yeye kuzitenga.

Nachukua viwango vya mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, na nakadiria kwamba kampuni mwavuli inachukua ada ya pauni 20 kwa wiki. Katika pauni 1,750 zinabaki 1,730. Mchango wa mwajiri wa Bima ya Taifa ni asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 96 kwa wiki, ambao kwako ni karibu pauni 209. Kuna tozo ya mafunzo kazini, asilimia 0.5, ambayo Mtanzania ataielewa haraka akiifikiria kama SDL ya TRA. Hiyo ni kiasi cha pauni 7. Sehemu ya mwajiri katika pensheni, asilimia 3 ya mapato yanayohesabiwa (sehemu tu ya mshahara, si wote), ni pauni 25. Kinachobaki, karibu pauni 1,488, ndicho mshahara ghafi, na hata humo ndani tayari kuna malipo yako ya likizo.

Hapo kwenye likizo wengi hupigwa chenga. Sheria inakupa likizo ya wiki 5.6 kwa mwaka, ambayo kwa hesabu za malipo huwa asilimia 12.07 juu ya mshahara wa kazi yenyewe. Ukiitoa kwenye pauni 1,488, mshahara wa kazi yenyewe ni pauni 1,328 na likizo ni 160. Baadhi ya kampuni hukulipa hizo 160 kila wiki pamoja na mshahara, nyingine huziweka mpaka uombe likizo. Waulize kabla ya kusaini ni utaratibu upi wanaoufuata na nini kitatokea kwa akiba hiyo ukiondoka, kwa sababu kuna watu ambao mwaka wa likizo uliisha hawajaomba na fedha zao zikaliwa.

Baada ya hapo yanakuja makato yako wewe, PAYE ileile tuliyoizoea nyumbani chini ya TRA na KRA, ila viwango ni vya huku. Kwa pauni 1,488 kwa wiki, kodi ya mapato ni kama 354 ukiwa na namba ya kodi ya kawaida ya 1257L, Bima ya Taifa yako mwenyewe ni 68, na pensheni yako ni kama 34. Unaondoka na pauni 1,032. Kwa hiyo kampuni iliyokutajia 1,030 haijakuibia. Imekwambia ukweli, na hilo peke yake linaipa alama kwangu.

Fahamu pia sura ya hati ya mshahara utakayopewa, ili usishtuke. Mkataba wa kampuni mwavuli kwa kawaida hukuhakikishia kima cha chini cha mshahara tu, ambacho kwa mwaka huo ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na sehemu kubwa ya malipo yako huandikwa kama nyongeza. Kwa wiki ya saa 37.5 utaona mshahara wa msingi wa pauni 457.88, na chini yake nyongeza ya takriban pauni 870 yenye jina kama "bonasi" au "kamisheni". Si udanganyifu, mradi nyongeza hiyo imekatwa kodi na Bima ya Taifa kama msingi na imeingizwa katika hesabu ya likizo. Isipokatwa kodi, hapo kuna tatizo kubwa, nami namwachia mwingine alieleze.

Usichague kampuni kwa kulinganisha ada. Kwa kuwa ada hutolewa kabla ya kodi, tofauti ya pauni 10 kwa wiki kati ya kampuni mbili ikifika mfukoni mwako inakuwa kama pauni 5. Kodi ni zilezile, asilimia ni zilezile, kwa hiyo kampuni zote halali zikipewa pauni 1,750 lazima ziishie karibu mahali pamoja. Ikitokea mojawapo imewaacha wenzake kwa pauni 400, usiulize ina ujuzi gani wa hesabu; uliza ni makato gani haiyalipi.

Tuipime na ajira uliyonayo. Pauni 46,000, baada ya kodi, Bima ya Taifa na pensheni ya kiwango cha chini, zinakuachia karibu pauni 35,000 kwa mwaka, yaani 674 kwa wiki. Katika miezi 6 ya mkataba ondoa siku za likizo na sikukuu, ambazo malipo yake umeshayapata humo humo, na utakuwa na wiki 23 za kufanya kazi. Mara 1,032, unapata kama pauni 23,700. Katika muda huohuo ajira yako ingekupa 17,500. Faida ni pauni 6,200 hivi. Gawanya kwa 674 na utaona kwamba faida yote hiyo ni sawa na wiki 9 za kukaa nyumbani bila kazi. Mkataba ukiisha na ukapata mwingine ndani ya mwezi, umepata. Ukikaa miezi mitatu, ungebaki ulipo ungekuwa na fedha nyingi zaidi, bila kusahau kwamba watu wa nyumbani wanaotegemea chochote kila mwisho wa mwezi hawana habari kwamba mkataba umeisha.

jirani_coventry

Dada Zuhura ameeleza vizuri kabisa. Mimi naongeza swali moja ambalo kaka hajalitaja: je, wakala mwenyewe hawezi kukuajiri kwenye PAYE yake? Mawakala wengi wanaweza, ila hawasemi mpaka waulizwe, kwa sababu wakikuweka kwenye kampuni mwavuli wanajipunguzia kazi ya mishahara, na si siri kwamba baadhi yao hupokea kamisheni kwa kila mtu wanayempeleka.

Ukiuliza, utatajiwa namba ndogo zaidi na utadhani unapunjwa. Usidanganyike na ukubwa wa namba. Kwa hesabu ya dada hapo juu, pauni 350 za kampuni mwavuli ni sawa na pauni 265 au 266 kwa siku kabla ya malipo ya likizo. Wakala akikutajia pauni 275 kwa siku, likizo ikiwa juu yake, hiyo imeipita 350.

Tena kuanzia Aprili 2020 wakala anatakiwa akupe waraka wa taarifa muhimu kabla hamjakubaliana masharti, wenye mfano wa hesabu unaoonyesha bei ya kazi, kila kinachokatwa na kile kitakachokufikia. Kama hujapewa, uombe leo. Bila waraka huo mazungumzo yote ni ya mdomo.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na viza, hali ni tofauti na ya kaka wa Leeds. Mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi amefungwa na mwajiri aliyemdhamini, na kampuni mwavuli haiwezi kushika nafasi ya mdhamini huyo. Kazi ya ziada inaruhusiwa kwa masharti, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaruhusiwa saa 20 wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo asikubali ushauri wa kufungua kampuni yake ili "aokoe kodi".

mama_neema_luton

Mwanangu wa Leeds, mimi si mtu wa takwimu, ni muuguzi, lakini kuhusu hiyo kampuni ya asilimia 83 nina la kusema, kwa kuwa sisi wauguzi ndio tuliowindwa sana.

Mwenzangu mmoja wa wodini alijiunga na kampuni ya namna hiyo miaka ya nyuma. Kila Ijumaa fedha ziliingia kwenye akaunti yake mara mbili. Kiasi cha kwanza kilikuwa kidogo, kililingana na hati ya mshahara, na kilikuwa kimekatwa kodi. Kiasi cha pili kilikuwa kikubwa, kilitoka kwenye akaunti yenye jina jingine kabisa, na hakikuonekana kwenye hati yoyote. Alipouliza, aliambiwa kwamba hicho ni mkopo, na mkopo haukatwi kodi. Akauliza ataulipa lini, akaambiwa asijisumbue. Hakuwa mtu mjinga wala mwenye tamaa. Alipewa mkataba wenye kurasa nyingi, akaonyeshwa barua ya mwanasheria, na wodi nzima ilikuwa na watu waliojiunga kabla yake.

Serikali ilitunga sheria ya kuyahesabu malipo ya aina hiyo kuwa mapato, na tarehe 5 Aprili 2019 mikopo yote ambayo haijalipwa ikatozwa kodi kwa mkupuo. Kelele zilikuwa nyingi, Lord Morse, aliyewahi kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akapewa kazi ya kuipitia sheria hiyo, na baada ya ripoti yake ya Desemba 2019 mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 ikaondolewa. Wengi wa miaka ya baadaye wakabaki na mzigo wao. Barua ilimfikia mwenzangu miaka mingi baada ya kuacha ile kampuni, na kampuni yenyewe ilikuwa imeshafungwa, haina simu wala mlango wa kugonga. Mwenye kodi ni mfanyakazi, na HMRC ilimjia mfanyakazi.

Siku hizi hawaiiti mkopo. Wanaiita malipo ya awali, au malipo ya uaminifu, au hisa, au ruzuku ya mafunzo. Jina litabadilika tena. Wewe kagua jambo moja tu: je, kila senti inayoingia benki imo kwenye hati ya mshahara na imekatwa kodi? Na hayo maneno kwamba "utaratibu umeidhinishwa na HMRC" ni uongo wa moja kwa moja, kwa sababu HMRC haiidhinishi kampuni mwavuli yoyote. Inachofanya ni kuchapisha majina ya mipango ya kukwepa kodi na ya waanzilishi wake. Jina likiwamo, kimbia. Lisipokuwamo, hiyo bado si cheti, kwa maana kampuni hizi hufa na kuzaliwa upya kwa majina mapya. Wapo pia FCSA na Professional Passport wanaozikagua kampuni na kuziorodhesha. Hao ni wa sekta yenyewe, si serikali, lakini ukaguzi wao ni bora kuliko neno la mtu wa WhatsApp.

Ukishaanza kazi, fungua programu ya HMRC kwenye simu yako, uingie kwenye akaunti yako ya kodi. Humo utaona jina la mwajiri na kiasi alichokitangaza kila alipokulipa. Kilinganishe na hati yako. Ukiona jina la mwajiri si lile ulilosaini nalo, au linabadilika kila baada ya miezi michache bila wewe kuambiwa, huenda umetumbukizwa kwenye mchezo wa kugawanya wafanyakazi katika vikampuni vingi vidogo ili kila kimoja kijipatie nafuu za kodi zilizowekwa kwa ajili ya waajiri wadogo.

Bajeti ya Oktoba 2024 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 wakala atawajibika ikiwa PAYE ya wafanyakazi wa kampuni mwavuli haikulipwa. Ndiyo maana mawakala wengi wamefupisha orodha zao. Huyo aliyekupa majina manne hakufanya hivyo kwa kukuonea; anajilinda, na kwa hilo amekulinda na wewe kiasi. Ukienda nje ya orodha yake kumfuata mtu wa asilimia 83, umeutoka ulinzi huo kwa miguu yako.

Kwa wauguzi wenzangu: kabla ya kuingia kwenye ejensi na kampuni mwavuli, tazameni kwanza benki ya wafanyakazi ya hospitali yenu, yaani orodha ya hospitali yenyewe ya watu wa zamu za ziada. Malipo ya zamu yanaweza kuwa madogo kidogo, lakini mnabaki ndani ya pensheni ya NHS, huduma ya afya ya taifa, na hakuna kampuni mwavuli itakayowapa pensheni hiyo.

mkazi_wa_leeds

Shikamoo mama, na asanteni sana nyote. Yule wa asilimia 83 nimeshamfuta kwenye simu.

Nimemwandikia wakala kama jirani alivyoshauri. Amenitumia waraka wa taarifa muhimu, na hesabu yake inakaribiana sana na ya dada Zuhura. Nilipomuuliza kuhusu PAYE yake alisita kidogo, kisha akasema anaweza kunilipa pauni 272 kwa siku, likizo ikiwa juu yake. Pamoja na hayo amenitumia fomu nyingine ya kusaini inayosema kwamba "najitoa" kwenye kanuni za mwaka 2003 za mawakala wa ajira, akisema ni jambo la kawaida kwa wote wanaopitia kampuni mwavuli. Sijaisaini.

Swali langu la mwisho ni la nyumba. Tulikuwa na mpango wa kuomba mkopo wa nyumba majira ya kuchipua. Je, kampuni mwavuli au PAYE ya wakala itatuharibia?

zuhura_reading

Umefanya vizuri kutoisaini. Kanuni hizo za 2003 ndizo zinazomkataza wakala kuzuia malipo kwa kisingizio kwamba mteja hajamlipa. Ukijitoa, halmashauri ikichelewesha ankara, wewe nawe unaweza kucheleweshwa. Kujitoa ni hiari, na wakala haruhusiwi kuifanya sharti la kukupatia kazi. Mjibu kwa adabu, kwa sentensi moja, kwamba hutajitoa. Nilishawahi kuwajibu hivyo mara nyingi na hakuna aliyeniondoa kwenye kazi.

Pauni 272 ni nzuri. Kwa wiki ni 1,360 kabla ya likizo, dhidi ya 1,328 za kampuni mwavuli, na mchango wa mwajiri wa pensheni unatoka kwa wakala, hautoki kwenye fungu lako. Baada ya kodi tofauti ni kama pauni 20 kwa wiki. Si fedha za kubadili maisha, lakini zipo, na unaondokana na mtu mmoja wa kati. Faida ya kweli ya kampuni mwavuli ni kwa anayerukaruka kati ya mawakala, kama walimu wa kujazia nafasi au wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaobadili halmashauri kila baada ya miezi michache: mwajiri wao anabaki mmoja, P60, hati ya mapato na kodi ya mwaka, inakuwa moja, na utumishi wao hauanzi upya kila mara. Wewe una wakala mmoja na kazi moja. Sioni kampuni mwavuli itakusaidia nini.

Njia ya tatu ambayo ningeijaribu kabla ya zote ni kumuuliza meneja aliyekusaili kama halmashauri inaweza kukuajiri yenyewe kwa mkataba wa muda maalumu. Kwa siku utalipwa kidogo zaidi, lakini kwa mkataba wa miezi 6 utaingizwa kwenye pensheni ya serikali za mitaa, ambayo ni miongoni mwa pensheni bora zilizobaki nchini humu, na halmashauri inaokoa ada ya wakala. Mara nyingi watakataa kwa sababu ya bajeti au masharti yao na wakala. Kuuliza hakugharimu kitu.

Kuhusu mkopo wa nyumba, hapo ndipo naungana na mke wako. Wakopeshaji wanatofautiana sana kwa watu wa mikataba. Wapo wanaotaka kuona historia ya miezi 12, wapo wanaoridhika na mkataba wenye muda uliobaki na uzoefu katika fani, na wapo watakaoitazama hati yako yenye msingi wa pauni 457.88 na kuihesabu nyongeza yote kuwa bonasi isiyo na uhakika. Ungekuwa unaomba mkopo baada ya miaka miwili ningekwambia usijali. Kwa kuwa ni majira ya kuchipua, omba mkopo ukiwa bado kwenye ajira ya kudumu, upate nyumba, kisha ndipo uingie kwenye mikataba. Kazi za kuhamisha mifumo ya halmashauri hazitakwisha mwakani. Na usifikirie kuomba leo huku barua ya kuacha kazi iko mfukoni, kwa sababu fomu ya mkopo itakuuliza kama unategemea mabadiliko katika kipato chako, na kudanganya hapo ni kosa.

Mkiamua kwamba nyumba inaweza kusubiri, basi chukua kazi hiyo kwa PAYE ya wakala, lakini kabla ya kumpa mwajiri wako notisi ya mwezi mmoja, soma kifungu cha kuvunja mkataba katika karatasi za wakala. Mara nyingi neno "miezi 6" limeandikwa ukurasa wa kwanza, na ndani zaidi imeandikwa kwamba mteja anaweza kuusitisha kwa notisi ya wiki moja. Ukikuta hivyo, omba angalau wiki nne kwa pande zote mbili, na usiandike barua ya kuacha kazi mpaka uwe na mkataba uliosainiwa wenye tarehe ya kuanza. Ahadi ya simu haihesabiki.